Kijiji Kilichonong'ona

Siku ya kwanza Munguakonkwa alipofika kile kijiji, watu wote walimsalimia kwa kunong'ona.

Si mmoja, si wawili. Wote!

Mwanamke aliyekuwa anapita na bidoni ya maji alisogea mpaka karibu na sikio lake: "Jambo papa."

Mtoto mmoja alianguka, akachubuka goti, akafungua kinywa ili alie. Mama yake akakifunika kwa kiganja. Kilio kikamezwa hapo hapo.

Hata mbuzi, ungedhani wamepewa onyo.

Mtu mwingine angegeuza pikipiki na kukimbia. Munguakonkwa alivua kofia, akavuta hewa, akasema moyoni: Mungu wangu, ni hapa.

Ili umuelewe, lazima ujue alikotoka.

Alikuwa mtu wa upande wa Bukavu, karani aliyekwisha kustaafu, na miaka mingi aliishi Mabanga, hapa Goma. Nyuma ya ukuta wa chumba chake kulikuwa na mashine ya kusaga unga. Mbele, fundi wa kuchomelea milango ya chuma. Kando, kanisa la maombi lenye spika kubwa kama kabati, na mchungaji ambaye, ukimsikiliza, hakuamini kama Mungu ana masikio mazuri.

Munguakonkwa alikuwa analala na pamba masikioni. Mwisho akawa anashinda nayo mchana. Mke wake, Dorine, akitaka kumwambia chakula kiko tayari, alimgonga begani na mwiko.

"Mi nitazeekea mahali sauti kubwa ni ya maji tu," alikuwa anasema.

"Utazeekea kwenye kuboeka," Dorine alijibu.

Pamba haikuruhusu jibu lipite.

Basi akasikia kuna nyumba inauzwa huko chini ya Kalengera, mahali unaacha barabara kubwa na kushuka na pikipiki mpaka mtoni. Nyumba ya mbao, mabati mazima, migomba nyuma, na maji yanapita karibu na ua kabisa.

Mwenye kuuza aliitwa Sikuli. Mtu mpole, alikuwa anahamia Butembo kuwafuata watoto wake. Naye pia alinong'ona.

"Papa," akasema, "kabla hujakubali, kuko kitu nilitaka nikuambie juu ya hiki kimya..."

Munguakonkwa akainua mkono. "Usiniambie kitu. Niko nasikia mwenyewe."

"Lakini papa..."

"Shiii."

Sikuli akampa mkono wa kukubaliana. Angefanya nini?

Mambo yalikwenda haraka. Munguakonkwa aliuza nyumba ya Mabanga kwa yule yule mchungaji, aliyekuwa anatafuta pa kupanulia kanisa. Yaani mlango wa kurudi aliufunga mwenyewe, akaweka spika juu yake.

Siku za kwanza zilikuwa mbinguni. Alitupa pamba mtoni. Alikaa barazani, akasikiliza maji. Dorine peke yake ndiye alikuwa anazungukazunguka na uso wa mashaka.

"Hapa batu bako bagonjwa?"

"Ni adabu, Dorine. Batu ba huku bako na éducation."

"Adabu gani ya kupiga mutoto kofi kwa kunong'ona?"

Halafu ikafika Jumamosi moja asubuhi.

Pikipiki ilishuka na mwanamke aliyevaa kitenge cheusi, mkoba mapajani. Akashuka, akauweka mkoba chini katikati ya kijiji, akashika kichwa kwa mikono miwili.

Akapiga yowe.

Moja tu. Lakini ni kama alikuwa ameng'oa kizibo. Kijiji kizima kililipuka. Wanawake walilia, wanaume walitoa ngoma, watoto wakapiga makelele ya majuma yote waliyodaiwa. Mbuzi nao hawakubaki nyuma.

Munguakonkwa alitoka na sabuni ya kunyolea shavuni. "Kumetokea nini? Tukimbie?"

Aliyemjibu ni jirani yake Marcelline, kiongozi wa kwaya ya kanisa. Alijibu kwa kupaza sauti, huku machozi yanashuka na uso umefurahi.

"Ni juu ya mama Mukamugema, papa! Ni yeye njo alizalisha batu karibu bote ba hapa! Mbele ya kufa alituambia hataki kuliliwa vipande-vipande. Ngoma hapana, wimbo hapana, yowe hapana, mpaka mutoto wake wa mwisho atoke Kampala, tumulilie wote pamoja mara moja. Sasa barabara ikafungwa! Mutoto anakwama, leo njo anafika! Tumefunga vinywa mpaka taya zinauma!"

Munguakonkwa akahisi sabuni inakauka. "Na matanga yakiisha, kimya kitarudi?"

Marcelline akamtazama kwa huruma. "Yakiisha, papa, tutarudilia maisha yetu."

Na waliyarudilia kweli.

Alfajiri, vinu vya kutwangia majani ya sombe: tu! tu! tu! Saa ya jua, watoto kujitupa mtoni. Jioni, kwaya kujifunza pale pale kwenye ukingo, kwa sababu maji yanasaidia sauti kwenda mbali. Na wakati wote watu kuitana kutoka kilima hiki mpaka kile, habari za ng'ombe, habari za harusi, habari za suruali iliyosahauliwa kwenye kamba.

Dorine? Dorine alinawiri. Kabla ya mwezi kuisha alikuwa anaimba sauti ya pili.

Munguakonkwa alivaa koti lake la ofisini, akaenda kwa muzee Théoneste, chef wa kijiji.

"Muzee, mimi nilinunua kimya. Nyumba ilikuja tu pamoja nacho."

Chef akawaza kidogo. "Papa, nyumba ilikuwa ya Sikuli. Kimya kilikuwa cha marehemu. Sikuli hakuwa na ruhusa ya kukiuza."

Lakini mgeni ni mgeni, na koti ni koti. Chef akasema atatafuta namna.

Na namna ikapatikana. Kesho yake, kwaya ilihamia nyuma ya kilima. Vinu vikaondolewa jirani. Watoto wakaoga mbali. Waliokuwa wanapita mbele ya nyumba yake wakachukua njia ya juu, ijapokuwa ina tope.

Hakuna aliyesema jambo papa. Hata kwa kunong'ona. Wakikutana naye, waliinamisha kichwa na kupita.

Alifurahi. Kwa kweli alifurahi.

Halafu kulikuwa na harusi. Alijua kwa harufu ya nyama tu. Ndizi zake zikaiva, hakuna jirani aliyekuja kuomba hata moja, zikaoza zikiwa kwenye mgomba. Dorine alikuwa anatoka asubuhi, anarudi jioni akiwa amecheka mpaka amechoka, na akivuka kizingiti ananyamaza kama mtu anayeingia hospitali.

Siku moja Munguakonkwa alijikuta anamweleza kuku habari za ofisi ya zamani. Kuku akaondoka.

Lakini kusema "nilikosea"? Yeye? Hapana.

Mpaka ule mchana.

Alikuwa ameruka mawe mpaka kwenye jiwe moja pana katikati ya mto, anasoma gazeti la zamani, miguu ndani ya maji. Jua lilikuwa linawaka. Hakujua huko juu vilimani mvua ilikuwa imepiga vibaya.

Maji yalibadilika rangi kwanza. Kisha yakapanda. Alipoinua macho, mawe aliyopitia hayakuonekana tena.

"Mama yangu! Nisaidieni!"

Ng'ambo walikuwapo wanawake watatu wanaosugua masufuria, na mmoja wao Marcelline. Wakamwona. Wakasimama haraka.

Na vinywa vyao vikaanza kusogea, polepole, bila sauti.

Munguakonkwa akadhani wameanza kumwombea kama marehemu.

"Munasema nini? Sisikii!"

Wakanong'ona tena, kwa bidii zaidi. Maji yalikuwa magotini. Gazeti lilikuwa limekwenda.

"Marcelline! Semeni kwa nguvu!"

Marcelline akanyoosha kidole kwenye kinywa chake, akainua nyusi: kweli? Umeruhusu?

"Ndiyo! Pigeni kelele! Kelele yote! Ninakufa!"

Ndugu zangu, yule mama alivuta pumzi ya kwaya nzima.

Yowe lake lilipanda kilima. Mtu akalipokea huko juu, akalitupa kwenye kilima kingine, mwingine akalidaka mashambani. Kabla maji hayajafika kifuani, wanaume walikuwa wanashuka mbio na kamba za kufungia ng'ombe, na muzee Théoneste nyuma yao bila viatu. Walimvuta kama gunia la mihogo.

Alilala kwenye majani, anatapika mto. Dorine alikuwa amempakata kichwa, analia na kumgombeza pamoja.

"Lakini nyinyi," Munguakonkwa akasema alipopata pumzi, "mutu anazama na munanong'ona? Ni chef njo aliwaambia hivyo?"

Wanawake wakatazamana. Wakamtazama Dorine.

"Chef aliomba kwaya isogee tu," Marcelline akasema. "Hayo mengine, salamu, harusi, ndizi, kunong'ona hata ukituita, ni mama Dorine njo alipanga. Alisema tukupe kimya chote mpaka ukiteme."

Munguakonkwa akageuza kichwa. Mke wake alikuwa anajipangusa machozi kwa kona ya kitenge.

"Nilifikiri utashindwa ndani ya siku tatu," Dorine akasema. "Ningejuaje una kichwa kigumu hivi?"

Jioni ile kwaya ilirudi kwenye ukingo bila kuomba ruhusa, na mgonjwa akalala fofofo katikati ya wimbo wa kwanza.

Wewe unayetafuta parcelle, kiwanja chako mahali patulivu, sikukatazi. Kagua mabati, kagua mpaka, kagua maji yanafika wapi wakati wa mvua. Ila ujue nyumba unainunua kwa mtu mmoja, na kuishi unaishi na watu wote. Hao hawauzwi. Wakubali na makelele yao, kwa sababu siku ya shida ni hayo hayo makelele utayaomba.

Anayebisha, aende akae kwenye lile jiwe siku mvua imepiga vilimani.