Saa Nane ya Mzee M'Itonga

Mimi ni fundi wa mitandao. Sikusomea chuoni, nilijifunza kwa vitabu na kwa kuunguza vifaa vyangu mwenyewe, na huandika kila ninachopima. Kwa hivyo usiniambie nilichanganyikiwa. Haya yalinipata Ruiri, adhuhuri, na mpaka leo nikiyakumbuka hasira hunipanda.

Kampuni yetu ndogo ya intaneti ina seva inayopokea ripoti za kila mnara: nani ametumia mtandao, kiasi gani, saa ngapi. Tangu Jumanne, ripoti za Ruiri hazikuonekana. Bosi hakuuliza fundi yeyote. Alimwita Kendi, mwenzangu anayesimamia mnara huo, akamfokea mbele ya wateja: "Unauza intaneti yangu kichinichini, halafu unafuta! Jumatatu usije."

Nikapima. Ruta, mashine ya mtandao pale Ruiri, ilikuwa inatuma. Ripoti zilikuwa zinafika kwenye seva. Sasa zinapotelea wapi, nazo zimeshafika nyumbani? Ijumaa nikaenda.

Mlinzi, mzee M'Itonga, alinifungulia lango, koti la mvua mabegani ingawa jua lilikuwa kali, akaandika jina langu kwenye kitabu cha wageni.

"Fundi, leo mmekumbuka huku kuna watu?"

"Natafuta ripoti, mzee. Kendi anafutwa kazi."

Utani ukamtoka. "Mwacheni mtoto wa watu. Jumanne stima ilipotea, ikarudi, saa ya mashine ikaharibika. Bosi akanipigia, akanipa nywila, akasema niweke saa. Yangu ya mkono ilikuwa saa nane. Nikaandika nane."

Nikafungua ruta. Kweli kabisa. Saa nane yetu ya mchana, mashine huiita kumi na nne. Nane aliyoandika mzee iliisoma kama saa mbili asubuhi. Ilikuwa nyuma kwa saa sita, na seva yetu hutupa, bila kusema lolote, ripoti iliyochelewa zaidi ya saa moja.

Nikageuka nimshukuru. Hakuwepo. Lango lilikuwa na kufuli kwa nje. Niliita mpaka mama wa duka la jirani, aliyeachiwa ufunguo, akaja.

"Nani alikufungulia? M'Itonga? Huyo alianguka hapo langoni Jumanne jioni. Yuko mochari. Bosi wenu hajawaambia?"

Hajatuambia! Alijua mzee amekufa, alijua ni yeye aliyempa kazi isiyo yake, akambebesha Kendi lawama.

Nikafungua kitabu cha wageni. Jumanne: *Bosi amepiga simu. Nimeweka saa 8.* Chini yake, mwandiko uleule, jina langu. Ijumaa, saa sita na nusu.

Jumatatu nilikiweka mezani mbele ya wafanyakazi wote.

"Nani ameandika huu upuzi?" bosi akauliza.

"Soma tarehe."

Alisoma, akakisukuma mbali kama kinachoma. Kendi alibaki kazini. Radhi hajaombwa hadi leo.

Niamini au usiniamini: tangu hapo, stima ikipotea Ruiri na kurudi, nafika na kukuta saa ya ruta imeshawekwa, sahihi hadi dakika. Ufunguo sasa ninao mimi peke yangu.

Basi wewe unayekaa ofisini ukitafuta wa kulaumiwa, angalia saa kwanza. Na usidhani kosa lako limezikwa na marehemu. Wako walinzi ambao hawajaacha kuandika.