Chungu Kilichofungiwa Kabatini

Mwezi uliopita nilikwenda kuzika huko kwetu Mbozi, nikapita palipokuwa na shamba kubwa la kahawa zamani za Mwingereza. Nyumba ya mwenye shamba haipo. Wamelima mahindi mpaka pale penye ngazi. Nilisimama tutani nikikisia chumba cha makumbusho kilikuwa upande gani, wenzangu wakapiga kelele kwamba tunachelewa, nami nikawaambia waende zao.

Wewe hukukijua chumba hicho, basi nikueleze. Memsabu, mke wa mwenye shamba, alikuwa mtu wa Ayalandi, na alipenda vitu vya kale kuliko alivyopenda watu. Alikusanya mikuki yetu, ngoma, vigoda, akaviweka chumbani humo kwenye kabati la kioo pamoja na vya kwao. Kila mwisho wa Oktoba, kabla ya mvua, aliziita familia zote za vibarua tujifunze sikukuu ya wazee wake. Tulikwangua maboga tukayatoboa macho na meno. Tuligombania kwa midomo ndizi mbivu zilizoning'inizwa kwa kamba, mikono mgongoni. Palikuwa na mkate wa zabibu wenye pete ndani, na aliyeipata eti angefunga ndoa upesi. Mwaka mmoja aliipata mlinzi, mzee mwenye wake watatu tayari, tukacheka mpaka mbavu zikauma.

Kisha memsabu alituhadithia, mpishi wake akitafsiri, kwamba kwao siku hiyo wafu hurudi nyumbani, na kila familia huwawekea kiti na sahani. Yeye alimwekea mama yake. Tulitazamana. Sisi kanisani tulikatazwa kabisa kuwamwagia wafu pombe, na aliyefanya hivyo alitengwa. Yeye nani angemtenga?

Mimi, kwa kiherehere changu cha miaka minane, nilikimbia kumweleza bibi, aliyebaki nyumbani. Baba yangu, mwanawe wa pekee, alifia migodini Rhodesia akazikwa huko huko, na kaburi lake hakuna aliyeliona. Bibi alibaki na chungu kidogo cheusi, ambamo alimtilia pombe ya ulezi kwa siri na kumwita. Siri hiyo ilimchosha. Aliposikia kwamba kwa memsabu wafu huandaliwa mchana kweupe, alilia. Mwaka uliofuata akajifunga kanga yake nzuri, akabeba chungu, tukaenda.

Alikitoa kwa mikono miwili, amepiga goti, maana ndivyo mwenye adabu anavyotoa kitu, hata kama anakiazimisha mpaka jioni tu. Memsabu akakipokea, machozi yakamlenga, akashukuru mno. Kikawekwa mezani, bibi akasimama mbele ya chungu chake uso umemng'aa. Sikumwona tena na furaha ile. Tulipotaka kuaga, chungu kilikuwa kabatini na kabati limefungwa.

Bibi alirudi mara tatu. Mpishi alieleza kadiri alivyoweza. Memsabu alijibu kwa upole, upole ule unaoudhi, kwamba zawadi hairudishwi, na kwamba kioo kitakitunza mpaka vitukuu wetu waje wakione. Kwa mchungaji bibi asingeweza kushtaki, angejishtaki mwenyewe. Haukupita muda shamba likauzwa, masanduku yakapakiwa kwenye lori, na memsabu akarudi kwao na kila kitu.

Nilimwambia bibi tutafute chungu kingine.

"Mjukuu wangu, nikimwita baba yako kwenye chungu asichokijua, atakuja vipi?"

Hakumwita tena mpaka anakufa, na alikufa akisema mwanawe ana kiu. Watu husema yaliyopita si ndwele. Waseme. Chungu kile, kama hakijavunjika, kiko ng'ambo mahali, na watoto wa watu hupelekwa kukitazama. Hata wangenirudishia leo kisingenifaa kitu. Maneno ya kumwita baba siyajui. Kila bibi alipoyasema, mimi nilikuwa mlangoni nikimlindia watu wa kanisa wasije, na masikio yangu yote yalikuwa nje.