Rafu ya Vijana Ilipobaki Tupu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika maktaba ya Malindi, niliwekwa kwenye kaunta ya kuazimisha, nikapewa muhuri wa tarehe na kuambiwa niwanyamazishe watu. Sikuona wa kumnyamazisha. Ukumbi mzima ulikuwa wa watahiniwa, kila mmoja na madaftari yake ya nyumbani, wala hakuna aliyegusa kitabu chetu hata kimoja. Nilipouliza, Mkutubi Mkuu wa wakati ule akanijibu kwamba kazi yetu ni kulinda vitabu.

Neno hilo limenikera hadi leo. Kitabu cha mtoto anayeanza kubalehe hakilindwi, kinanadiwa. Kunadi kitabu ni kusimama mbele ya watoto, uwasimulie hadithi, na pale mhusika anapofungua mlango aliokatazwa, ukafunga kitabu na kunyamaza. Anayetaka kujua zaidi aje aazime.

Nilifanya kazi Kilifi, kisha nikarudishwa Malindi kusimamia vitabu vya vijana: rafu moja tu, karibu na dirisha. Mkutubi Mkuu mpya, bwana mmoja wa kutoka bara, mpole wa maneno, hakunificha.

"Bi Zuhura, vitabu hivi vimekaa tu. Vikiendelea hivyo, hapa nitaweka meza za watahiniwa."

Basi nikaanza kuzunguka mashuleni. Huko Kakuyuni nikakutana na Mwalimu Karisa wa Kiswahili, mtu mwema kupita kiasi. Nilinadi hadithi ya msichana aliyepotelewa na mbuzi wa harusi ya dadake. Watoto wakatulia tuli. Nikafunga kitabu. Mwalimu Karisa akasimama, akanishukuru sana, akawaambia mbuzi alikuwa kwa mjomba, na funzo ni kuwatii wakubwa. Darasa likapumua, likatoka kwenda kucheza.

Hakuazima mtu. Mara ya pili ikawa yale yale. Kumbe nikiwa nasimulia, yeye alichukua nakala nyingine mezani akachungulia ukurasa wa mwisho. Nikamvuta kando nikamwambia ananiharibia kazi, naye akashangaa kwa dhati.

"Lakini mama, mtoto asipoambiwa mwisho atabaki na mashaka."

"Hayo mashaka ndiyo niyatakayo, mwanangu. Niachie."

Mara ya tatu nilikwenda na nakala moja tu, nikaikamata mkononi. Nikawasimulia habari za kijana aliyeteremka kisimani na kamba ikakatika, nikafunga kitabu. Watoto wakamgeukia mwalimu wao. Safari hii naye hakuujua mwisho. Akanifuata hadi langoni akitaka kujua kama kijana alitoka, nami nikamwambia aje Malindi aazime.

Jumamosi akaja, na watoto wake wamejaa kwenye pikapu ya mzazi mmoja. Wakafuata wa mtaa wa Kisumu Ndogo, waliosikia habari kwa binamu zao. Haukupita muda, rafu ikawa nyeupe. Nilikuwa napita pale kwa makusudi nione ubao mtupu, nikatabasamu peke yangu.

Siku moja Mkutubi Mkuu naye akapita.

"Sasa hata vitabu havipo," akasema. "Rafu tupu ya nini?"

Nikamweleza kwamba vyote vimeazimwa, na kwamba hilo ndilo tulilokuwa tukilitafuta. Nikamfungulia kompyuta aone mwenyewe. Akanisikiliza kwa huruma, kama mtu anayesikiliza mgonjwa. Wiki iliyofuata nikakuta meza pale dirishani, na watahiniwa wamelalia madaftari yao.

Vitabu vilipoanza kurudi havikuwa na pa kukaa. Watoto walisimama kaunta wakiniuliza waviweke wapi. Roho iliniuma. Nikawaambia warudi navyo, wapeane wenyewe kwa wenyewe huko huko makwao. Muda mfupi baadaye nikastaafu, na huko ofisini vitabu hivyo vinahesabiwa kuwa vimepotea.

Nyinyi mnaoanza kazi hii leo mtaambiwa vijana hawasomi, wamezama kwenye simu. Mkiambiwa hivyo, muulizeni msemaji vitabu vyao ameviweka wapi. Mimi nimechoka kuuliza.

Juzi nilikwenda sokoni kununua mchicha. Nyuma ya mafungu alikaa binti nisiyemjua, anasoma kitabu kisicho na jalada, muhuri wa maktaba yetu ubavuni. Mamake alimwita anihudumie, akamwita tena, na binti hakusikia. Yule mama akaniomba radhi.

Nikamwambia amwache, sina haraka.