Samaki wa Wifi

Msusi alikuwa na sheria moja saluni kwake: anayengoja zamu husoma kwa sauti, maana kusuka kichwa kizima ni kazi ya kutwa na mikono haipati nafasi ya kufunua kurasa. Sauti tamu kuliko zote ilikuwa ya wifi yake, dada wa mumewe, aliyefanya kazi maktaba na kuwaletea vitabu.

Ndiye aliyewasomea kile cha mto uliouawa na maji machafu ya viwanda. Wateja waliguna, mmoja akalia mpaka wanja ukamchuruzika. Lakini mwishoni watu wa mto ule walipanda matete kingoni, maji yakatakata, samaki wakarudi. Msusi alibaki na kitana hewani. Nyuma ya saluni kulikuwa na kijito kilichonuka hata nzi wakakisusa. Tangu hapo, kila Jumapili alikuwa kule na ndoo na matete yake. Mumewe alimcheka: "Mke wangu siku hizi anasuka hadi mito."

Kisha matete yakaanza kunyauka. Msusi hakukata tamaa. Alitaka tu kujua wenzake wa kitabuni walifanyaje yalipowanyaukia. Wifi alikuwa amesahau kitabu kile juu ya kabati la mafuta. Akakisoma mwenyewe, taratibu, hadi mwisho. Akarudia.

Wifi alipoingia, hakupewa hata kiti.

"Wifi, samaki wako wapi?"

"Samaki gani tena, jamani?"

"Waliorudi. Humu hawamo. Humu matete yalikufa, mto ukafunikwa zege, watu wakahama."

Wifi aliinama. "Wateja walikuwa wanalia. Na wewe nilikuona umekunjuka uso. Nikasema, uongo wa kheri haumuui mtu."

"Mwaka mzima nabeba ndoo kwa samaki wa kichwani mwako! Kaka yako ananicheka, na wewe upo, unatabasamu!"

"Nilikuonea huruma."

"Huruma hiyo kampe adui yako."

Mteja aliyesukwa nusu kichwa alijifanya anatafuta kitu mkobani.

Kilichomchoma msusi zaidi si samaki. Kurasa zilizorukwa zilieleza kwa nini matete yalikufa: watu walipanda kabla ya kuziba bomba lililomwaga sumu huko juu. Na bomba la kwao msusi alilijua. Lilitoka karakana ya betri, watu hulikanyaga wakienda sokoni. Tumaini lilikuwa humo, kwenye kurasa chungu, na wifi ndiye aliyemfichia.

Akamkabidhi kitana. "Maliza kichwa hiki."

"Mimi kusuka sijui, wifi."

"Na mimi kusoma nakwamakwama. Leo tuumie wote."

"Na kichwa changu je?" mteja akalalama.

Msusi akasoma bila kuruka mstari, bila kumtazama wifi. Alipofika kwenye bomba akauliza nani atamsindikiza karakana kesho. Mteja akainua mkono. Wifi naye akainua wake, kitana kikining'inia.

Msusi aliuona wa mteja tu.