Nilipiga Window Mpya, Nikamfuta Mtoto wa Mtu

Nimekosa. Sitaki kuanza kwa kujitetea, maana kila nikijitetea moyoni najikuta nimeshaanza kudanganya upya. Nilimfuta mtoto wa mama mmoja, na msinihurumie mkidhani ilikuwa bahati mbaya. Kilianza kiburi, ikafuata tamaa, ukamalizia uongo.

Nina studio ndogo hapa Nyamongo. Napiga picha, nachukua video za harusi na misiba, naingiza nyimbo na filamu kwenye simu za watu. Miaka ile mashimo ya wachimbaji wadogo, tunayoyaita maduara, yalikuwa yanatema dhahabu kweli. Kijana akipata mawe mazuri, kwanza nyama, pili simu mpya. Akishaishika simu, anakuja kwangu aijaze nyimbo.

Siku moja vijana wa duara fulani waliniita kijiji cha jirani, Kewanja, niwachukue video. Walikuwa wamepata, wamechinja mbuzi, wanacheza. Mmoja wao nitamwita Okello, ingawa si jina lake. Masika yalipoingia, duara lile liliporomoka na maji yakajaa ndani. Wenzake walitolewa. Yeye hajapatikana mpaka leo.

Mama yake ni Mjaluo, anauza dagaa hapa sokoni siku za gulio. Kwao mwili usipopatikana, huzikwa tunda la mti wa mwegea badala ya marehemu. Basi mama yule alizika tunda. Aliniambia mwenyewe, kwa sauti ya kawaida kama mtu anayeeleza alivyopanda mihogo. Kaburi lipo na msalaba upo, lakini akiinama pale anajua kabisa anaongea na tunda.

Hakuwa na picha yoyote ya mwanawe akiwa mtu mzima. Video yangu ndiyo ilikuwa kila kitu. Kila gulio akimaliza kuuza alikuja, ananawa harufu ya samaki kwenye ndoo yangu ya mlangoni, anakaa kwenye benchi, namfungulia. Anatazama mpaka mwisho, anashukuru, anaenda zake.

Niliwahi kumwambia nimchomee CD aende nayo. Akakataa. Nyumbani hakuna umeme wala deki, na wajukuu wataikwaruza.

"Acha akae kwako," alisema.

"Hapa yuko salama, mama," nikamjibu. Jamani, huu mdomo wangu!

Sasa kompyuta yangu ilikuwa imechoka. Simu mpya zikichomekwa, haizitambui. Ng'ambo ya barabara akafungua mwenzangu mwenye mashine mpya, kioo kinang'aa mpaka unajiona. Vijana wakaanza kunipita. Mmoja akaingia kwangu, akaitazama kompyuta, akasema mbele za watu, "Mura, kijana wetu, hii uliachiwa na babu yako?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, lakini ilinichoma.

Kesho yake nikaamua kupiga window mpya, yaani kubadilisha mfumo mzima unaoiendesha kompyuta. Rafiki yangu aliniazima flash yenye mfumo huo, akanionya nihamishe kwanza kazi za watu kwenye diski ya nje. Sikuwa nayo, na niliona aibu kumwambia sina. Nikajisemea, diski yangu ina vyumba viwili. Mfumo unakaa chumba cha kwanza, kazi za watu ziko cha pili. Tatizo liko wapi?

Katikati ya kazi mashine ikagoma. Ikaandika Kiingereza kirefu kwamba haiwezi kuingia pale. Watu wamejaa mlangoni wananiangalia, wengine wameshaanza kuguna. Ningezima palepale! Lakini mimi ni fundi, nitazimaje mbele za watu? Nikafuta chumba cha kwanza, ikagoma tena. Nikafuta na cha pili. Ikaniuliza kama nina uhakika, nami nikabonyeza ndiyo, kisha endelea, endelea, endelea, kama mtu anayekimbizwa.

Ikawaka. Ilikuwa nzuri, sitadanganya. Rangi zake, picha ya mlima nyuma, kila kitu kinateleza. Simu ya kwanza ikachomekwa, ikatambuliwa, vijana wakapiga makofi. Mimi nikafungua kule nilikoweka kazi za watu, nikakuta peupe.

Na hapa ndipo penye dhambi yenyewe. Nilijua palepale kwamba Okello hayupo. Lakini foleni ilikuwa mpaka barabarani kwenye bodaboda, na wana hela ya dhahabu mkononi. Nikaazima nyimbo na filamu kwa watu, nikazimwaga zote kwenye diski ile, nikaanza kuhudumia. Nikasema Okello nitamtafuta baadaye.

Nilipompelekea kompyuta fundi mmoja Tarime mjini, aliniuliza jambo moja tu, kama baada ya kufuta niliweka kitu kingine. Nikasema ndiyo. Akairudisha mashine upande wangu wa meza. Akanieleza kwamba kilichofutwa huwa bado kipo chini kwa muda, mpaka uweke kingine juu yake. Ningeizima siku ile na kumletea, huenda angempata. Nilirudi Nyamongo nimeipakata kompyuta kifuani, sijui hata nilishukaje.

Gulio likafika, mama akaja. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba nyathina, mwanangu, kama kawaida yake. Nikamwambia kompyuta inapandishwa daraja, vitu vya watu vinarudi polepole. Kwenye kioo kulikuwa na kile kigurudumu kinachozunguka, maana mfumo mpya haukuisha kujiongezea mambo yake, na intaneti yetu ni ya kuvuta kwa kamba. Akauliza pale pameandikwa nini. Nikamwambia panasema tusubiri.

Akasubiri. Alikaa kwenye benchi, mikono mapajani, anatazama kigurudumu kinazunguka mpaka watu wakaanza kufunga vibanda.

Gulio lililofuata vilevile, na lililofuata. Akaanza kuniletea dagaa, eti fundi apate nguvu ya kuimaliza kazi. Nikawala. Mungu ananiona, niliwala na ugali, nikalamba vidole!

Mwishowe nikashindwa. Nikamwambia ukweli wote, hata ule wa nyimbo. Hakulia wala hakunilaani. Alisema tu, "Lakini wewe ndiye ulimchukua. Ulimwona kwa macho yako. Basi nieleze."

Wenzangu, sikuwa na cha kueleza. Siku ile Kewanja akili yangu ilikuwa kwenye betri ya kamera na kwenye mbuzi. Na magulio yote yale nilipomfungulia video, nilikuwa nampa mgongo nahudumia wengine. Sijawahi hata mara moja kuitazama! Ningesema hivyo tu. Badala yake nikabuni. Nikamwambia alivaa shati jekundu, alicheza, akaigeukia kamera akacheka.

"Shati lilikuwa la bluu," akasema.

"Jekundu, mama. Mimi ndiye nilikuwa na kamera."

Akafumba macho. Niliona anatafuta, uso wote umekunjamana. Alipoyafumbua alinitazama kama mtu aliyeibiwa akiwa amekaa.

"Nilikuwa naliona la bluu," akasema. "Nyamaza, nyathina. Usiniambie kingine."

Hajarudi. Bado anauza dagaa palepale, na akiniona naelekea upande wake hugeuka akajifanya anapanga mafungu. Si hasira, hasira ningeijua. Anaogopa nitafungua mdomo. Nami sina cha kumpelekea, hata samahani yangu ni maneno.

Juzi kompyuta imeniandikia kwamba mfumo mpya zaidi umetoka, je, niuweke? Nikaichomoa kwenye umeme, nikakaa gizani.

Ninyi mnaoshika kazi za watu, toeni kwanza vya watu ndipo mguse mashine. Onyo likija, lisomeni, hata mkichekwa. Na mkishakosea, zimeni, mwache pale mlipokosea, msiweke kitu juu. Mimi niliweka nyimbo juu ya Okello. Halafu nikaweka shati jekundu juu ya kile alichobaki nacho mama yake.