Kilima cha Magazeti

Treni ilifika nyumbani kwetu kabla ya mama mkwe. Mwalimu mmoja wa Ulaya, aliyekuwa akifundisha hesabu shuleni kwetu, aliondoka Bujumbura kwa haraka vita vilipoanza. Aliniachia sanduku lenye kichwa cha treni kinacholingana na kidole, mabehewa ya mizigo na vipande vya reli vya kuunganisha viwe duara. Nililisukuma chini ya kitanda. Nchi yetu haina reli, na siku zile mtu alikuwa na mengine ya kufikiria.

Kisha mama wa mke wangu akashuka kutoka kilimani kwake, juu ya mji, na mkeka, sufuria na nguo alizovaa. Baba mkwe alikuwa amefariki kwa ugonjwa muda mfupi tu kabla ya hapo, akazikwa upesi nyuma ya migomba huku majirani wakifunga mizigo. Kwetu msiba hauishii kaburini. Huisha siku ya kuganduka, pale ndugu wanapokusanyika nyumbani kwa marehemu, wakanywa pombe ya ndizi na kusema yaliyobaki kusemwa. Ndipo mjane na watoto wanaporuhusiwa kurudi katika maisha. Kabla ya siku hiyo hamchezi ngoma, hamuozeshi, na hata kicheko mnakimeza. Baba mkwe alikuwa bado hajagandukiwa. Mama alitaka kurudi kilimani akatimize jambo hilo. Mke wangu alitaka asirudi, kwa sababu kule juu watu walikuwa wakiuawa njiani, mashambani na vitandani. Kila asubuhi Mama aliukunja mkeka wake na kuufunga kamba kama msafiri. Kila asubuhi mke wangu aliufungua.

Mimi nilikuwa katikati, na sikuwa na ruhusa ya kusema. Mama alikuwa mtu wa desturi za zamani: mkwe haangaliwi usoni, mtu hali naye chakula, na likiwapo neno linapitia kwa binti. Katika nyumba ndogo ya mtaa wa Mutanga Sud kukwepana hivyo ni kazi. Nilikohoa kabla ya kuingia sebuleni, naye akahamia jikoni. Akikohoa yeye, nahamia uani.

Kulikuwa na majuma ambayo shule zilifungwa na mji ukanyamaza. Katika juma moja kama hilo mke wangu aliniambia nifanye kitu chochote ambacho Mama anaweza kukitazama, macho yake yapate pa kukaa badala ya mlangoni. Nikakumbuka sanduku.

Nifundishacho ni uchoraji, kwa hiyo nivumilieni nieleze kidogo. Anayetaka kuitengenezea treni mandhari asianze na treni. Aanze na ardhi. Nilipata ubao mwembamba wa tripleksi, nikaweka reli juu yake na kuichora kwa penseli, kisha nikaitoa. Milima nilianza kuiinua kwa makatoni niliyoyakata na kuyabandika. Juu yake nilitandaza vipande vya magazeti vilivyoloweshwa katika uji mwepesi wa unga wa muhogo, tabaka juu ya tabaka, kila moja likisubiri la chini likauke. Usikate tamaa ukiona vimekunjamana na kunuka. Kila mlima ni mbaya ukiwa umelowa. Ukishakauka, paka rangi ya udongo, mwagia unga wa mbao uliochovywa rangi ya kijani, na puliza polepole ule usioshika. Kwa udongo wa shamba nilitumia majani ya chai yaliyokwisha kupikwa.

Siku chache Mama alipita tu. Kisha maneno yakaanza kuja kupitia kwa mke wangu, aliyekuwa akisimama kwenye mlango wa jikoni kama mkalimani wa mahakama.

"Mwalimu, Mama anauliza hizi ngombe za juu ni ngombe ao ni mbuzi."

"Mwambie ni ng'ombe. Nimezifanya ndogo ili zionekane ziko mbali."

Wakanong'onezana jikoni.

"Anasema ngombe ikienda mbali haipunguke. Anasema wenye wako kule juu watakasirika."

Niliwaomba wote wawili wasogee dirishani watazame milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, kisha wanyooshe kidole gumba mbele ya jicho na kuufunika mlima mzima. Mimi nilitoka uani kwanza, ili Mama aweze kufika dirishani. Niliporudi nilimsikia akicheka jikoni, kicheko kifupi alichokikata mwenyewe.

Tangu hapo kilima kikapata wajenzi wawili wasiokutana. Mimi nilifanya kazi asubuhi, yeye mchana. Nilikuta nyumba niliyoipanga kando ya reli imehamishwa hadi mgongoni mwa kilima, na migomba imeizunguka, kwa sababu boma la mtu huzungukwa na migomba yake. Migomba yenyewe alikuwa ameitengeneza kwa nyuzi za katani na vipande vya bahasha. Mimi nikamwonyesha, kwa kumwachia mfano mezani, jinsi ya kupinda jani kwa ncha ya kijiko. Kesho yake yote yalikuwa yamepinda. Lile tundu nililotoboa kilimani ili treni ipite hakulipenda. Aliuliza, kupitia mlangoni, ni nani anayetoboa mlima ambao juu yake kuna watu wanalala. Nililiacha, ila nikalizungushia mawe.

Mkeka ukawa haufungwi tena. Mke wangu alianza kuimba akipepeta mchele. Jirani mmoja wa mtaa wa Kinanira, mahali ambapo usiku walisikia bunduki karibu zaidi kuliko sisi, alikuja kutusalimu. Alikaa mbele ya ubao kwa muda mrefu, kisha akauliza tumepata wapi nchi iliyotulia namna hii.

Mama aliomba chemchemi, nikaweka kipande cha kioo. Aliomba mikaratusi, nikakata vijiti vya mfagio. Aliomba njia ya miguu. Niliipitisha juu ya mgongo wa kilima, mahali penye kupendeza. Kesho yake nikaikuta imefutwa na nyingine imechorwa kwa majivu: inapita chini, nyuma ya mikaratusi, inavuka maji mahali pembamba na kupanda ndani ya migomba. Ilikuwa njia ambayo mtu aliye mbali hawezi kukuona ukiipita. Mke wangu aliitazama kwa muda. Hakuimba siku ile.

Kisha nyuma ya migomba tukakuta kituta cha udongo, kirefu kuliko upana wake, kisicho na majani ya chai.

Mke wangu alipata wazo, na alilisema akilia. Tuagize pombe ya ndizi, tuwaite ndugu waliokimbilia mjini, tuketi kulizunguka kaburi lile la mezani, tugandukie hapo. Baba ataelewa. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu nimuoe binti yake. Aliketi kwenye kiti mkabala na changu na kuniangalia usoni.

"Mukwe wangu," alisema, "kilima umekijenga vizuri. Lakini mutu amelala kule."

Nilijibu, "Mama, njia ni mbaya."

"Mi najua njia. Umenisaidia kuikumbuka."

Mke wangu alisema hatamwachia aende. Mama akamwambia, bila ukali, kwamba yeye pia ni mwana wa marehemu, na kuwa akiendelea kubaki katika msiba, vita vitaisha yeye bado yumo ndani yake. Mimi nilimwuliza kama miguu yake inauma, akasema inauma lakini inatembea.

Aliondoka asubuhi pamoja na wanawake waliokuwa wakishusha mboga sokoni na kupanda tena. Tulimsindikiza mpaka pale walinzi waliporuhusu. Majuma yaliyofuata tulisikia milipuko upande ule, na mke wangu akawa anahesabu kimya kati ya mmoja na mwingine, kama watu wanavyohesabu baada ya radi.

Hatimaye mmoja wa wale wanawake alikuja mlangoni na kidumu kidogo cha plastiki. Alisema Mama alifika. Kuganduka kulifanyika mchana, kwa sauti ya chini, na watu wachache waliobaki. Mama hatashuka, amepanda maharage. Njia yenyewe imefungwa tangu juzi, na mwanamke huyu mwenyewe alipita kwa bahati. Kidumu kilikuwa na fungu la binti, pombe ya kilioni, ambayo isiponywewa msiba wake haujaisha.

Mke wangu alikishika kwa muda mrefu bila kukifungua. Nilijua anachofikiri: akinywa, amekubali kwamba Mama amebaki kule. Nikamletea kikombe na mrija, nikaketi karibu naye, nikamwambia nami ni mkwe, nina fungu langu, tunaweza kunywa pamoja polepole. Pombe ilikuwa imechacha njiani. Alivuta mara moja, akakunja uso, akavuta tena, kisha akaniachia mrija.