Loisi, gari Bubu na mteremko wa Chimwaga

Saa moja kasoro asubuhi, mbuzi wanne wamesimama katikati ya barabara inayoshuka kutoka Chimwaga na hawana habari. Gari jeupe limefika nyuma yao, limebakiza kidogo liwaguse mikia, wao wanatafuna tu. Hawajasikia kitu. Loisi Mazengo anapiga honi, mbuzi wanaruka kila mmoja na njia yake, na abiria wa kiti cha nyuma anacheka mpaka anashika mbavu.

"Kila siku ni hivi," anasema Loisi. "Mbuzi, ng'ombe, hata watu wazima na akili zao. Gari langu halisemi."

Madereva wenzake wa kituo cha teksi wamelibatiza Bubu. Ni gari la haibridi, lenye injini ya petroli na mota ya umeme inayolishwa na betri kubwa iliyolazwa nyuma ya viti. Likienda taratibu injini hujizima yenyewe, na ndani kunabaki upepo wa Dodoma tu, ule usiochoka, ukipiga vioo.

Mteremko unaanza. Loisi anaondoa mguu kwenye mafuta. Mkono wake wa kushoto unatoka kwenye usukani, unaielekea gia, unakutana na kitambaa cheupe cha kufuma kilichofungwa pale, kisha unarudi ulikotoka kama mtoto aliyekemewa. Kwenye skrini iliyo katikati ya dashibodi, mshale unatokea magurudumuni na kuingia kwenye betri.

"Umeona?" anamuuliza abiria, kana kwamba naye ndiyo kwanza anaona. "Tunashuka, na huku tunajazwa!"

Abiria huyo, Salwa, ni mwanafunzi wa chuo na mteja wake wa siku nyingi. Anasema ameshaonyeshwa mshale huo mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka.

"Mama Loisi akifika hapa utadhani yuko kanisani," anasema. "Mimi nimeshazoea. Yeye hazoei."

Ni kweli hazoei, na ana sababu. Mwaka jana, 2012, alibakiza siku mbili tu auze gari hili.

Loisi ana miaka arobaini na mitatu. Amezaliwa na kukulia Makutupora, kwenye mashamba ya zabibu, na udereva alifundishwa na marehemu mumewe, Bartolomayo, aliyekuwa na pikapu ya kubebea zabibu kuleta mjini. Bartolomayo alikuwa mtu wa masharti machache, lakini sharti moja hakulilegeza hata siku moja: ukiona mteremko, weka nyutro.

"Alikuwa ananiambia, 'Mteremko tumepewa bure na Mungu, wewe unauchomea mafuta ya nini?'" anakumbuka, na tabasamu linamtoka. "Nikisahau, ananigonga kidole kwenye mkono. Hivi. Mpaka mkono ukajua wenyewe."

Si Bartolomayo peke yake. Muulize dereva yeyote wa zamani wa uwanda huu wa kati, atakuambia vivyo hivyo: gari likianza kushuka unaitoa gia, unaliacha liserereke, unaokoa mafuta kidogo. Usalama wake una walakini, na wenyewe wanajua, ila petroli imevuka shilingi elfu mbili kwa lita na kila mtu anatafuta pa kubania.

Bartolomayo alipofariki, pikapu nayo ilikuwa hoi. Loisi akaiuza kwa bei ya kutupa, akauza na kipande cha shamba la zabibu alichoachiwa, akaenda Chang'ombe kwa dalali wa magari aitwaye Hassani. Siku hizi magari yaliyotumika Japani yanamiminika nchini, mwenye vijisenti vyake anachagua. Hassani akamwonyesha hili jeupe na kumwapia kwamba halinywi mafuta, linaramba.

Siku ya kwanza alipoliwasha alidhani limekufa. Aligeuza ufunguo, akageuza tena, kimya. Hassani akamwambia akanyage mafuta. Gari likaondoka bila sauti, na Loisi akapiga kelele za woga.

Kilichofuata ndicho kinachomfanya ajicheke mpaka leo. Skrini ya gari lile ilijaa maandishi ya Kijapani, kwake yeye nyayo za kuku tupu. Aliogopa kuigusa asije akaharibu kitu. Isitoshe, vumbi la Dodoma halina adabu, linaingia hata mahali palipofungwa. Akafanya ambacho mama yeyote wa hapa hufanya akiingiza nyumbani kitu cha thamani chenye kioo: akakifunika. Alichukua kitambaa alichokifuma mwenyewe mwaka wa kwanza wa ndoa, kilichokuwa kikifunika redio ya Bartolomayo, akakitandika juu ya skrini kikakaa vizuri kabisa.

"Kilipendeza!" anajitetea. "Abiria walikuwa wananisifia."

Basi akaanza kazi, skrini imefunikwa na mkono uko kwenye nyutro. Na Bubu halikuramba mafuta. Lilikunywa.

Kama madereva wengi wa teksi, Loisi alikuwa ananunua petroli kidogo kidogo, elfu kumi leo, elfu kumi kesho, kwa hiyo hakuwa na namna ya kupima gari linakwenda kilomita ngapi kwa lita. Ila mkoba wake ulikuwa unajua. Kituoni wakaanza kumtania kwamba amenunua friji: jeupe, kimya, na kazi yake kula hela. Alizidisha ubanifu: hata kimteremko cha kuingilia sheli alikishuka kwa nyutro. Mambo yakawa mabaya zaidi.

Baada ya miezi minane alisalimu amri. Hassani akampatia mteja wa kutoka Singida, wakapatana aje Jumamosi. Baada ya hapo Loisi angerudi Makutupora kuwa kibarua wa msimu, kuchuma zabibu za watu, pengine kwenye kipande kilekile alichokiuza.

"Sikulala vizuri wiki ile," anasema. "Nilijiona nimekula urithi wa marehemu kwa ujinga wangu."

Alhamisi ya wiki hiyo alikwenda kumchukua baba yake hospitali, nje ya mji. Mzee Yotham alikuwa mfugaji mpaka mtoto wa jicho alipomfungia dunia. Kwa miaka mitatu alikuwa anawajua ng'ombe wake kwa kuwapapasa. Siku moja kabla madaktari walikuwa wamemfanyia upasuaji wa jicho la kushoto, na asubuhi ile walimfungua bandeji.

"Shikamoo, baba," Loisi alimwamkia mlangoni.

"Marahaba. Umezeeka, mama," baba akamjibu, akimtazama, na wote wawili wakalia.

Ndani ya gari mzee hakutulia. Alitazama kiatu chake. Alitazama mikono yake mbele na nyuma, akauliza haya madoa yametoka wapi. Alisoma rangi za nguo za watu barabarani kwa sauti, kwa Kigogo, moja moja. Walikuwa na abiria wa kumshusha Chimwaga, maana siku ile nayo ilikuwa ya kazi, na walipomaliza kumshusha ndipo mzee alipokigeukia kitambaa.

"Hiki nini umekifunika?"

"Kioo cha gari, baba. Kiache, vumbi litaingia."

"Mimi nimefunikwa miaka mitatu," mzee akasema. "Funua."

Hakungoja. Alikivuta mwenyewe akakiweka mapajani. Skrini ikawaka mbele yake, na rangi zake, na kigari chake kidogo kilichochorwa na magurudumu manne, na yule mzee akainama mpaka pua ikakaribia kugusa. Gari likaanza kushuka.

"Kuna kitu kinaingia," akasema.

Loisi hakumsikiliza. Mkono wake ulikwenda kwenye nyutro, kama kawaida.

"Umekiua!"

"Nimeua nini, baba?"

"Kimshale! Kilikuwa kinakwenda vizuri, umeshika hicho kijiti, kimekufa. Kirudishe!"

Loisi anasema alirudisha gia ili tu mzee anyamaze. Mshale ukatokea. Akaweka nyutro, ukapotea. Akarudisha, ukatokea, na safari hii naye aliuona, ukitoka kwenye magurudumu na kuingia kwenye umbo la betri, na mistari ya betri ikipanda mmoja baada ya mwingine.

"Baba yangu akapiga makofi," anasimulia. "Akaniambia, 'Gari lako linanyonya kilima, kama ndama. Na wewe kila mara unamtoa ndama kwenye chuchu.'"

Yeye aliyekuwa anabana kila tone aligeuza gari, akapanda kilima upya, akashuka tena. Kisha akapanda mara nyingine. Walipofika chini mara ya tatu aliegesha pembeni. Miezi minane gari lilikuwa linampa, na yeye kila mteremko alikuwa analikatalia.

"Nilihisi aibu, halafu nikahisi... sijui niseme nini. Kushuka tu kule! Hakuna aliyekuwa anasukuma. Nimepita mteremko ule mara ngapi, sikujua kwamba una kitu ndani yake."

Imrani, fundi umeme wa magari huko Chang'ombe, anathibitisha kwamba mzee hakuota. Anasema gari la namna hii likishuka likiwa kwenye gia, magurudumu huizungusha mota, nayo hugeuka kuwa kinu cha umeme. "Ukiweka nyutro umekata mawasiliano. Betri haipati kitu, baadaye injini inalazimika kuchoma petroli ili kuijaza. Unadhani unabana, kumbe unamwaga."

Palepale pembeni mwa barabara Loisi alimpigia dalali simu.

"Kaka Hassani, mwambie mtu wako asije."

"Dada Loisi, usiniue! Mtu keshaondoka Singida na hela mfukoni!"

"Mpe chai, arudi."

Hassani hadi leo akimwona anageuza shingo.

Tangu hapo Loisi ameacha mtindo wa elfu kumi kumi. Kila Jumatatu anajaza tangi mpaka shingoni, kwenye pampu ileile, na kulinganisha alichojaza na kilomita alizokwenda. Siku mzee alipofunua kitambaa, skrini ilikuwa inaonyesha kilomita kumi na nne kwa lita. Wiki hii inaonyesha ishirini na moja. Anaigusa namba ile kwa ncha ya kidole, taratibu, na kupangusa vumbi.

Anajua kwamba betri nayo ina umri, na Imrani hajamficha. Kuna fungu analiweka pembeni kwa ajili hiyo. Kabla ya msimu wa zabibu anataka kumrudisha baba yake hospitali afunguliwe na jicho la kulia. Mzee ameshaweka sharti: siku hiyo hapelekwi nyumbani moja kwa moja, apitishwe kwanza Chimwaga.

Lakini kuna tumaini jingine dogo, na analisema akiwa ameegesha, akifungua na kufunga fundo la kile kitambaa kwenye gia. Alikifunga pale ili mkono ukienda kwenye nyutro ukutane nacho, ukumbuke. Mwaka unakaribia kwisha na mkono bado unakwenda.

"Siku mkono utakapoacha, nitakirudisha kitambaa nyumbani, juu ya redio yake," anasema. Anautazama mkono wa kushoto, pale ambapo Bartolomayo alikuwa anamgonga kwa kidole.

"Ila sina haraka."